Inchi Moja na Robo

Madam Nadine, meneja wetu, aliponitaka niandike maelezo ya kazi kabla sijaondoka, nilimpa kurasa mbili: maji ya tangi yawe moto kiasi gani, kisu cha gari kibadilishwe lini, nani apigiwe simu kompresa ikilia. Alishukuru, zikaingia kwenye faili. Sasa niko kwetu Tanga, nina muda mwingi kuliko ninavyouhitaji, na nyinyi wawili mliorithi lile gari la barafu mmeshanipigia mara tatu mkitaka niwaambie yale mengine. Haya, ndiyo haya. Mshahara sitaugusa maana mnaujua, na cheo sikuwahi kuwa nacho cha kusimulia.

Niliingia uwanja ule wa barafu wa Al Quoz nikiwa na miaka arobaini na tisa. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na tano katika kiwanda cha barafu Tanga, tukitengeneza mabonge ya kuhifadhia samaki, kisha miaka minne Dubai nikipanda ngazi kurekebisha viyoyozi vya watu. Wakala aliona neno barafu kwenye karatasi zangu akasema, "Yalla, kazi yako hii." Hakuuliza barafu ya nini, nami sikumwuliza.

Siku ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita. Nje jua linachoma hadi kitasa cha mlango hakishikiki. Uwanja ulikuwa ghala la zamani, kati ya ghala la matairi na karakana ya makochi. Nilifungua mlango wa nyuma nikapigwa na baridi ya meno, na mbele yangu kuna uwanda mweupe kama mita sitini. Mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu alinitazama shati langu la mikono mifupi, akavua koti lake akanipa. Huyo alikuwa Kurian, mtu wa Kerala, fundi mkuu. Nilimwita Chetta, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwao. Koti lile alinidai mwaka mzima.

Jioni ile niliona mchezo wenyewe. Hoki ya barafu ni watu sita kila upande, viatu vina visu chini, mikononi wana fimbo, wanagombea kisahani cheusi cha mpira. Siku ya kwanza nilidhani wanapigana. Siku ya pili nikajua kwamba wanapigana kweli, ila kwa ratiba.

Chetta alinifundisha kila kitu kwa mikono, maneno aliyatumia kwa kubana. Alinifundisha kwamba barafu nzuri inamwagiwa maji ya moto, si ya baridi, jambo ambalo nilibishana naye wiki nzima. Alinifundisha kuendesha gari la barafu, lile tuliloliita ngamia kwa jinsi linavyobeba maji: kisu chake kinakwangua juu, tambara la nyuma linapaka maji mapya. Zaidi ya yote alinifundisha shimo. Kila Jumamosi asubuhi alichukua drili, akatoboa barafu sehemu tisa, akaingiza kijiti chenye alama, akaandika unene kwenye daftari. Inchi moja na robo. Ikipungua chini ya inchi, hatari. Ikizidi moja na nusu, hatari nyingine.

Mimi niliisikia hatari ya kwanza tu. Mwaka wa pili nilitoboa mbele ya goli nikagonga zege, na Chetta akanidaka mkono. Ndani ya zege lile yanapita mabomba ya maji baridi ya chumvi, ndiyo yanayogandisha uwanja mzima. "Ukilitoboa bomba," alisema kwa utulivu, "msimu khalas, umekwisha, na wewe khalas." Alisema mara moja. Mimi nikaendelea kumsikia kila nikiona drili.

Mwezi wa kumi, msimu unaanza, Chetta akashikwa na ugonjwa wa moyo. Akaenda kwao kupasuliwa, daktari akamkataza kupanda ndege kwa miezi. Uwanja ukabaki na mimi. Nawaambia kweli, niliogopa. Viza yangu ilikuwa ya kampuni. Ukifukuzwa una siku thelathini za kufunga begi, na mtu wa miaka hamsini na kitu haajiriwi upya Dubai ila kwa muujiza. Nilikuwa na binti chuoni. Kila asubuhi nilifungua mlango ule nikitegemea kukuta bwawa la kuogelea.

Jumapili moja niliuona mstari mwekundu wa katikati umeng'aa kupita kawaida, kana kwamba uko juu kabisa. Nikaamini barafu juu yake imekwisha. Badala ya kuchukua drili nikapime, nilijaza ngamia maji nikamwaga tangi mbili za ziada. Kesho yake nikaongeza tena, kwa usalama. Kesho kutwa vilevile. Kiwandani Tanga tulijua jambo moja: bonge nene ndilo linalofika sokoni, jembamba linaishia njiani. Hiyo ndiyo elimu niliyokwenda nayo Dubai, na kwa samaki ni elimu sahihi kabisa.

Na daftari? Kila Jumamosi niliandika inchi moja na robo, mara tisa, bila kutoboa hata tundu la sindano. Mara mojamoja niliandika moja na nusu kasoro kidogo, ili ionekane kuna mtu anapima.

Timu yetu iliitwa Paa. Walikuwa watu wa ridhaa: watu wa benki, wahandisi, mwalimu mmoja, rubani mmoja asiyeonekana. Kocha wao, Pavel, alikuwa Mcheki mkubwa wa mwili ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Msimu ule walishindwa nyumbani, wakashindwa tena, wakaendelea kushindwa. Ugenini walishinda mara mbili. Hakuna aliyekaa akajiuliza kwa nini, na mimi niliyekuwa na sababu ya kujiuliza nilikuwa naongeza maji.

Ndani ya timu hiyo kulikuwa na Wafula, Mkenya wa Bungoma, miaka ishirini na saba. Alijifunzia kwenye uwanja mdogo wa hoteli Nairobi, alikokuwa akiazimisha watu viatu. Dubai alikuwa mbeba mizigo katika ghala la kuku wa baridi, pale pale Al Quoz. Alikuwa mdogo kuliko wote na hakuwa na kifua cha kugongana na wale wazungu. Mali yake ilikuwa mbio. Madam Nadine alikuwa amemwahidi: akimaliza msimu ndani ya kikosi, kampuni itamchukua awe mwalimu wa watoto, itamhamisha viza, aagane na kuku. Alinihesabia miezi iliyobaki kila tulipoonana.

Mwezi wa kwanza alinijia kwenye chumba cha kunolea, ameshika viatu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Mbona umevibeba hivyo, kama umebeba maiti?"

"Niangalilie hizi visu. Nikicheza hapa nasikia ni kama nakimbia kwa matope. Juzi tukiwa Abu Dhabi nilikuwa fiti kabisa. Nikirudi hapa miguu inakataa."

Nilivikagua kwenye taa. Vilikuwa vikali, nilivinoa mwenyewe. Nikamwambia havina neno, labda alale mapema.

"Na hao kuku watabebwa na nani, mzee?" Akacheka, akavaa akaenda mazoezini. Ningeweza kusimama nikafikiri dakika moja tu juu ya maneno yale, Abu Dhabi fiti, hapa matope. Sikufikiri. Nilikuwa na wasiwasi wa barafu kuyeyuka, na wasiwasi ukishajaa kichwani hauachi nafasi ya kitu kingine.

Mwezi wa pili, Jumanne, Pavel alibandika orodha mpya mlangoni. Wafula hayumo. Nafasi yake amepewa Mkanada mmoja wa benki, mwenye mabega. Nilimsikia Pavel akimweleza koridoni, kwa upole kuliko nilivyotegemea: "Una moyo, lakini kasi yako imekwisha. Bila kasi sina pa kukuweka." Wafula akasema sawa, Kocha. Akapita mbele yangu na begi lake, akasema, "Tutaonana, mzee," na mlango wa nyuma ukafungwa.

Nilikwenda kujificha chumba cha kompresa, ile mashine inayotengeneza baridi. Ilikuwa inanguruma tangu alfajiri bila kupumzika hata mara moja, na nikakumbuka kwamba jana vilevile haikupumzika. Nikampigia Chetta Kerala, nikijifanya nauliza habari ya mashine.

"Chetta, kompresa haipumziki, na juu barafu bado laini."

"Shimo linasema nini?"

"Moja na robo."

Nikasikia kunguru wa kwao kwenye simu.

"Athumani. Umetoboa leo?"

Nikaanza kumweleza sauti ya kompresa.

"Kesho toboa," alisema. "Halafu usinipigie mimi. Wapigie wanaohusika."

Asubuhi, saa moja, nilichukua drili. Nilifunga utepe kwenye ncha, kipimo cha inchi moja na robo, nikaanzia katikati. Utepe ukazama ndani ya barafu na ncha haijafika kokote. Nikaendelea kubonyeza, nikingoja zege. Inchi mbili na nusu. Mbele ya goli, mbili na nusu. Pembeni, karibu tatu. Nilikaa chini pale pale hadi suruali ikalowa.

Kwa asiyejua nieleze. Baridi ya uwanja inatoka chini, kwenye zege. Ukiongeza unene, unaisogeza ile sura ya juu mbali na baridi yake, huku taa, pumzi za watu na mvuke wa Dubai vinaipiga kutoka juu. Barafu nene inakuwa laini. Mzito mwenye mabega haoni tofauti kubwa, yeye kazi yake kusukumana. Mwepesi anayeishi kwa mbio ndiye anayezama. Nilikuwa nimemwondoa Wafula kwenye timu kwa mikono yangu, tangi baada ya tangi.

Ningekwenda kwa Madam saa ile ile, Wafula angerudi siku ile ile. Sikwenda. Nilijiambia nianze kwanza kurekebisha, kusema kutafuata. Mwoga ana mpango mzuri siku zote. Niliwaza siku thelathini, niliwaza ada ya binti, niliwaza sura ya Madam akifungua daftari. Nikapanda kwenye ngamia.

Siku kumi na sita nilikwangua. Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi watoto wa saa tatu wanapofika, nilizunguka bila kumwaga maji. Kisu nilikibadilisha kila siku ya pili. Theluji niliimwaga nyuma, juani, na walinzi wa ghala la matairi, Wapathani wawili, wakawa wanakuja na chupa zao za maji kuzichimbia humo. Walinipenda sana wakati ule. Waliniuliza imetoka wapi neema hii, nikawaambia ni kutoka kwa Mungu.

Nilitoboa kila siku, na kila nikitoboa nilikufa kidogo. Mwezi wa tatu unaingia, joto linapanda, na mimi naipunguza barafu ambayo miezi yote niliogopa ingepungua. Nilipofika inchi mbili nilitaka kuacha. Nilipofika moja na nusu nilizima ngamia, kisha nikaliwasha tena. Nikikosea upande mmoja tu, kisu kinakula mistari, kinafika zege, na mechi inaahirishwa mbele ya watu mia tano. Nilifika moja na robo Alhamisi moja asubuhi. Kisha kompresa ikanyamaza. Nikatupa drili nikakimbia, nikijua imekufa, nikijua mimi nimekwisha. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inapumzika, mara ya kwanza tangu Chetta aondoke.

Ijumaa ile Paa walicheza. Mlio wa viatu ulibadilika. Visu vilikuwa vinakwaruza sauti kavu, ya juu, na kisahani kilitembea hadi wachezaji wenyewe wakawa wanakikosa kwa kutozoea. Wakashinda nyumbani mara ya kwanza. Wiki ya pili wakashinda. Ya tatu wakaishinda timu iliyokuwa ya pili kwenye ligi. Madam alileta keki. Pavel alisifiwa kwa mfumo mpya wa uchezaji, na mfumo wenyewe, mimi niliyewatazama msimu mzima, ulikuwa ule ule. Watu walinipigapiga begani, "Bravo, Athumani, barafu safi." Keki nilikula.

Wafula hakuwahi kuja kutazama.

Ikabaki mechi moja. Wakishinda wanaingia mtoano, ambao Paa hawakuwahi kuuona. Majina ya wachezaji wa mechi hiyo na mtoano yalitakiwa kufika ligi Alhamisi saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna wa kuongezwa, na kwa Wafula msimu ungehesabika umekwisha bila yeye, ahadi ya Madam pamoja nao. Nililijua hilo wiki nzima. Jumatatu nilisema kesho. Jumanne nilisema kesho. Jumatano asubuhi nililichukua daftari nikapanda ofisini.

Madam Nadine na Pavel walikuwa na kahawa mezani. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Nikasema nimeandika uongo tangu mwezi wa kumi na moja, nikasema unene ulivyokuwa, nikasema Wafula hakupungua mbio.

Madam alifunua kurasa polepole. "Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, Madam."

"Na hukutoboa hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Pavel hakunitazama. Alikuwa anatazama jedwali la mechi ukutani, nyumbani na ugenini, macho yanapanda na kushuka. Mwisho akasema, "Nimemwondoa mtu kwa sababu ya maji."

Madam akafunga daftari. "Wewe tutazungumza baadaye. Sasa hivi nampigia yule kijana."

"Hapana," Pavel akasema. "Aende yeye. Amwambie kwa mdomo wake."

Wafula alikuwa akiishi mtaa wa Discovery Gardens, chumba kimoja na wenzake watatu, kila kitanda na pazia lake. Nilifika saa tisa mchana. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, bado amevaa sare ya ghala, anachambua mchele. Alinyanyuka haraka kunipisha kiti.

"Shikamoo mzee. Karibu. Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna, baba. Kaa."

Hakukaa. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, nikianza na Chetta na moyo wake, nikirudi kwenye mstari mwekundu, nikieleza mambo ya unene ambayo hakuyauliza. Alinisikiliza na sinia la mchele mkononi. Nilipomaliza akaliweka chini.

"Lini ulijua?"

"Siku ya pili baada ya kuondolewa."

"Hiyo ni wiki ngapi?"

"Tano."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilikuwa nimeshaamini. Unajua hiyo? Nilimwambia mamangu nimezeeka. Miaka ishirini na saba. Nimekuwa nikipanda ngazi za hapa polepole, ndio nisichoke, kwa vile niliambiwa sina miguu."

Nikasema nisamehe, mwanangu.

"Sema tena."

"Nisamehe."

"Si hiyo. Ile ingine."

"Hukupungua mbio. Barafu ilikuwa mbovu, na aliyeiharibu ni mimi."

Akavuta pazia la kitanda cha kwanza, akavuta la pili, la tatu. Wenzake walikuwa wamelala, wakaketi wakijifuta macho. Mmoja wao, nilielewa baadaye, ndiye aliyekuwa akimwita Mstaafu tangu siku ile ya orodha.

"Waambie na hawa," Wafula akasema.

Nikawaambia. Mtu mzima, nywele nyeupe, nimesimama katikati ya vitanda vinne na sinia la mchele, nikasema neno kwa neno tena, na hakuna aliyecheka.

Alhamisi jina lake lilifika ligi saa tano kasorobo. Ijumaa alicheza. Matokeo mnayajua, picha iko pale mlangoni, na yule mdogo aliyepiga magoti mbele ni yeye. Mwezi wa tano alihamishwa viza, na hadi mimi naondoka alikuwa bado anafundisha watoto kila asubuhi, na nyinyi mnamfahamu kwa ukali wake. Mimi nilipewa barua ya onyo na nikabakizwa kazini, kwa sababu, alivyosema Madam, sasa hakuna mtu Dubai nzima anayeogopa kudanganya unene kunishinda. Alikosea kidogo. Bado kutoboa ndiko nilikokuogopa zaidi. Nilitoboa kila Jumamosi nikiogopa, mara tisa, hadi Jumamosi ya mwisho, na nyinyi mtafanya hivyo hivyo, na mtaandika mlichokiona.

Wafula tulisalimiana kila siku miaka yote iliyobaki. Hakuwahi kuninyima salamu, alinisaidia kubeba visu, siku naondoka alinibebea begi hadi kwenye teksi. Ila tangu Jumatano ile hakuniita mzee tena. Aliniita Athumani, kama anavyoitwa mtu yeyote.